Nani Ataweza Kuja? Tuliyojifunza Lamu Kuhusu Kupinga Bila Fujo

Ukiitisha mkutano pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, saa nne asubuhi siku za bamvua, umewaita watu wa Amu, yaani mji wa Lamu, peke yao. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri kama saa kumi na kupwa kama saa nne, na mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ukipwa mashua kubwa hazipiti. Watu wa Faza, Kizingitini, Siyu na Pate, wanaokuja kwa mashua, watakwama wakingoja maji, na watakapofika hotuba zimekwisha na barua imesomwa bila wao. Mkutano huo huo ukiuweka siku za maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au ishirini na mbili hivi, maji huwa yamejaa mida ile ile ya saa nne, na visiwa vyote vinafika. Manahodha wanalijua hili tangu utotoni. Wanaolisahau ni waandaaji wanaopanga tarehe wakiwa Nairobi na kalenda ya ukutani.

Sisi tunaoshughulika na mikutano, maandamano na ushahidi wa kesi za mazingira hapa Lamu tumezoea kupima kila uamuzi kwa swali moja: nani ataweza kuja, na nani tumemfungia mlango? Saa ya mkutano inafungia watu. Njia ya msafara inafungia watu. Jiwe nalo linafungia watu, tena wengi kuliko maji ya Mkanda.

Vijana wakikaa barazani jioni, hoja yao ni ya siku zote: dawa ya moto ni moto. Hatuwalaumu kwa hasira. Ardhi isiyo na hati, maeneo ya kuvulia yaliyochimbwa kupitisha meli, ahadi za kazi zisizofika, yote hayo ni kweli. Jibu letu kwao halina mawaidha ya subira, lina hesabu. Nani anaweza kurusha jiwe? Kijana wa kiume mwenye mbio, asiye na mtoto mgongoni, asiye na leseni ya kunyang'anywa. Bibi wa Matondoni anayesuka mikeka hawezi. Mwalimu wa madrasa hawezi. Mwenye gesti, mwenye boti ya abiria, mtumishi wa kaunti, mvuvi mwenye deni la mashine, wote hao wanatuunga mkono, lakini jiwe la kwanza likirushwa wanafunga madirisha. Kundi la watu 2,000 linabaki la 80, na hao 80 polisi wanawamudu vizuri sana. Kazi hiyo ndiyo waliyofunzwa.

Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walikusanya harakati 323 za kuanzia mwaka 1900 hadi 2006, zenye fujo na zisizo na fujo, wakakuta zile zisizo na fujo zilifaulu mara 53 katika kila 100, na zile za silaha mara 26. Takwimu hii inatumiwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo tunaitaja na mipaka yake: walichopima ni harakati kubwa za kuangusha tawala, kufukuza wavamizi au kujitenga. Hawakupima kijiji kinachopinga kiwanda. Linalotufaa zaidi ni sababu waliyoieleza, kwamba harakati zisizo na fujo zilivuta watu wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi, na wingi huo ukafika ndani ya nyumba za askari, makarani na wafanyabiashara. Askari anayemwona shangazi yake mstari wa mbele huchelewa kuinua rungu. Kuchelewa huko tunakuhitaji.

Gharama ya fujo hapa kwetu inajulikana hata pale ambapo aliyeileta hana uhusiano wowote nasi. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua zaidi ya watu 60. Mwezi uliofuata serikali ikaweka kafyu ya usiku. Anayevua usiku akabaki nchi kavu, harusi zikarudishwa mchana, watalii wakakatika. Mtu aliyekuwa na malalamiko ya halali kuhusu ardhi au bandari alikuta mlango wa kila ofisi una neno moja limeandikwa: usalama. Huwezi kujadili fidia ya nyavu na ofisa ambaye amekwisha kukuweka kwenye faili hilo. Ndiyo maana tunapinga hata maneno ya vitisho kwenye mabango. Bango moja la "tutawaonyesha" linatosha kulihamisha jambo lote kutoka meza ya mazingira hadi meza ya upelelezi.

Walio Malindi wana sanamu mjini ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, na wengi wakiitazama hukumbuka vita. Tunashauri ikumbukwe zaidi ile miezi ya kabla ya vita. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi ya nyumba na vijana wa Kigiriama wa kupeleka kazini. Mekatilili alizunguka kijiji hadi kijiji na ngoma ya kifudu, akawakusanya watu Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na huko vikaliwa viapo viwili, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Kiapo hakikuamuru mtu kuua. Kiliamuru watu wasilipe kodi, wasitoe vijana, wasipeleke kesi zao kwa vizee waliowekwa na serikali. Utawala ule ulikuwa na wazungu wachache sana katika eneo hilo, ukategemea vizee hao kwa kila kitu. Watu walipoacha kuwaendea, ofisa alibaki na daftari tupu. Hakuweza kumtia pingu mtu kwa kosa la kukaa kwake.

Walimkamata Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawahamishia magharibi mwa nchi. Wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, mapigano yakaanza, na hapo mambo yakageuka kabisa. Mishale ilikutana na bunduki. Nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuondoka upande wa kaskazini wa mto Sabaki. Walioanza kwa baruti ni Waingereza, na hatumhukumu mtu aliyetetea kaya yake. Tunachoangalia ni uwanja. Kwenye kukataa, Wagiriama walikuwa na nguvu na serikali ilikuwa dhaifu. Kwenye kupigana ilikuwa kinyume chake. Mpinzani anayeshindwa kwenye uwanja wako hujitahidi sana kukuvuta uende kwenye wake, na mara nyingi hukuchokoza kwa kitu unachokipenda kuliko vyote.

Sasa tuje kwenye makaa ya mawe, maana hapo ndipo somo letu lilipo. Mradi wa umeme wa makaa wa kampuni ya Amu Power ulikuwa wa megawati 1,050, ujengwe Kwasasi, upande wa Hindi huko bara, kama kilomita 20 kutoka mji wa kale ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Leseni ya mazingira ilitolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, Septemba 2016. Sheria ya mazingira ilitoa siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira, na rufaa ya Save Lamu, shirika la kijamii la hapa, na wakazi ikaingia Novemba. Kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, rufaa ikishaingia, hali hubaki ilivyo hadi iamuliwe. Maana yake, faili moja lililofika ndani ya siku 60 lilizuia ujenzi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Hakuna kizuizi cha barabarani ambacho kingedumu hivyo. Kingeondolewa kwa buldoza asubuhi ya pili.

Tarehe 26 Juni 2019 Baraza hilo lilifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi: mikutano iliyotajwa na kampuni ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na utafiti wa athari ulipokamilika wananchi hawakurudiwa ipasavyo waelezwe yaliyomo na kuulizwa. Angalia vizuri jinsi hoja ya namna hii inavyothibitishwa. Inataka mtu aliyekuwa kwenye mkutano, anayejua tarehe, nani alizungumza, lugha gani ilitumika, karatasi gani iligawiwa, swali gani liliulizwa na likajibiwaje. Mtu huyo si lazima awe msomi. Lazima awe alikuwapo, na awe na daftari.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomfunza mtu mpya si kaulimbiu, ni kumbukumbu za mkutano. Tarehe na saa ya kuanza na kumaliza. Mahali. Idadi ya waliohudhuria kwa kuhesabu vichwa, wanaume na wanawake mbalimbali. Majina ya maofisa na vyeo vyao. Maneno yao kama walivyoyasema. Picha ya mbele na picha ya nyuma, kwa sababu ya mbele huonyesha meza ya wakubwa na ya nyuma huonyesha viti vitupu. Kisha tazama karatasi ya mahudhurio kabla ya kusaini: kichwa chake kinasema nini? Watu wengi wametia saini karatasi ya posho ikaja kuonekana mahali pengine kama karatasi ya ridhaa. Kama juu hapana maandishi, andika mwenyewe "mahudhurio tu, si kibali" ubavuni mwa jina lako, na upige picha kwa simu.

Fedha za mradi nazo zilikuwa zikitazamwa kutoka mbali. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaripotiwa kuwa benki ya Kichina ya ICBC nayo imejitoa. Benki hupima hatari. Barua za wavuvi, ripoti za wataalamu, kesi iliyo wazi na picha za akina mama wakiandamana ni hatari ambayo benki inashindwa kuieleza kwa wateja wake. Gari lililochomwa lingekuwa rahisi kwao: wangelifidia kwa bima, na kampuni ingeomba ulinzi zaidi.

Kuhusu maandamano yenyewe. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, sura ya 56, inataka taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla. Taarifa iwe na jina kamili na anwani ya mwandaaji, tarehe na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali au njia ya msafara. Hiyo ni taarifa, si maombi ya kibali. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Wakikataa kuipokea, na hutokea, msibishane kaunta: nendeni watu wawili, andikeni saa, jina la askari na alilosema, kisha itumeni barua hiyo hiyo kwa njia nyingine inayoacha alama. Kosa la kawaida ni kupeleka taarifa siku moja kabla kwa sababu hasira imepanda. Hapo umempa OCS sababu ya bure ya kuyaita maandamano yako haramu, na mwenye gesti na mwalimu wakisikia neno "haramu" hawaji.

Njia ya msafara katika mji wetu ni jambo la uhai na kifo. Vichochoro vya Amu ni vyembamba. Punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Moshi wa vitoa machozi humo hautoki, na watu wakirudi nyuma kwa ghafla wanakanyagana. Msafara upite njia ya pwani, penye upepo na nafasi, na kila mita mia kuwe na kichochoro kilichoachwa wazi, bila punda wala mikokoteni, kwa ajili ya kutokea. Moshi ukija, nenda upande upepo unakotoka, usisugue macho, suuza kwa maji safi mengi. Kwa hiyo maji ya kunywa na maji ya macho ni mafungu mawili, na la pili lisiguswe. Watoto wa madrasa na wazee wasiotembea wapewe mahali pa kukaa mwisho wa njia, wasubiri msafara uwafikie.

Weka msimamizi mmoja kwa kila watu 20, wawili kila kona, wavae kitu kinachoonekana, wawe wanaojulikana mtaani kwao. Nusu yao wawe wanawake. Kazi yao si kuwalinda viongozi. Kazi yao ni kutazama mikono ya watu. Akionekana mtu ameokota jiwe au chupa, wawili wanasimama kulia na kushoto kwake, wanamwita kwa jina kama wanamjua, wanazungumza naye kwa upole huku wanamtoa pembeni. Asiyejulikana na mtu yeyote atazamwe zaidi, maana wakorofi wa kukodiwa wapo.

Ikiwa jiwe limekwisha kurushwa, ipo mbinu inayofanya kazi kuliko kelele zote: watu wote kukaa chini. Filimbi tatu, msafara mzima unaketi hapo hapo barabarani. Anayebaki amesimama na jiwe mkononi anaonekana na kila kamera na kila askari, peke yake. Ghasia inahitaji watu wa kujificha nyuma yao, na sasa hawapo. Lakini mbinu hii ina hali zake. Haifai moshi ukishatupwa, kwa sababu moshi hutulia chini. Haifai gari linapokuja kwa kasi. Na haifai kabisa ikiwa watu hawakuifanyia mazoezi, kwani nusu watakaa na nusu watakimbia juu yao.

Mazoezi, basi. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Nashville, Marekani, waliokwenda kukaa kwenye kaunta za mikahawa ya wazungu tu walikuwa wamefunzwa na James Lawson kwa miezi kadhaa: wenzao waliwatukana, wakawasukuma, wakawamwagia vitu, ili siku yenyewe isiwe mara ya kwanza. Mwezi Mei mwaka huo kaunta zikaanza kufunguliwa. Sisi hufanya hivyo uani, bila gharama. Safu mbili zinatazamana, moja waandamanaji, moja askari. Dakika kumi za matusi, hasa yale yanayouma: ya mama, ya kabila, ya dini, ya kuitwa gaidi. Kisha safu zinabadilishana. Wanaoshindwa kujizuia si wabaya, ila siku ile wapewe kazi nyingine: kupika, kubeba maji, kupiga picha, kukaa na simu. Ni bora kijana mwenye hasira awe na kazi ya heshima kuliko kumfukuza, kwa kuwa uliyemfukuza atakuja tu, na atakuja na marafiki zake.

Kuna mambo ya kwetu ambayo mgeni hatayaona. Kuanza msafara mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa ni rahisi, watu wameshakusanyika. Usifanye. Jirani Mkristo wa Hindi, Witu au Mpeketoni, ambaye naye atavuta moshi ule ule wa makaa, atajiona hakualikwa, na mkuu wa usalama atapata neno la kutumia. Anzeni mahali pa wote. Dua iombwe na shehe, padri na mzee, kila mmoja kwa zamu yake. Na kusoma Halbadiri, kisomo ambacho watu hukiogopa kama laana, hadharani, hata kama nia ni kuomba kheri tu, ofisa wa pwani huisikia kama tishio, na familia yake pia. Hasira ya mtu aliyedhani amesomewa haitulii kwa maelezo.

Akina mama wakitoka na vugo, wakipiga pembe na kuimba kama wanavyopeleka harusi, msafara hupata mwendo na adabu, na ni vigumu mno kuutawanya. Kijana anayetaka kurusha kitu hana pa kusimama kati ya mama zake. Safu ya mbele iwe yao, ila waamue wenyewe. Tumeona kwingine wanawake wakisukumwa mbele kama ngao na wanaume waliokaa kikao bila wao. Waliotangulia kwa hiari yao wana historia nzito hapa nchini: mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walifunga kula Uhuru Park, Nairobi, wakapigwa, wengine wakavua nguo mbele ya polisi, kisha wakaendelea kanisani kwa miezi. Wafungwa wengi waliachiliwa mwaka uliofuata.

Kugomea biashara ni silaha kali inayotumiwa ovyo. Inataka mambo manne yaliyo wazi: nani anagomewa, anatakiwa afanye nini, kuanzia lini hadi lini, na watu watanunua wapi badala yake. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Montgomery, Marekani, watu weusi waligomea mabasi kwa siku 381, tangu Desemba 1955, na waliweza kwa sababu walipanga magari ya kubebana na ratiba zake. Port Elizabeth, Afrika Kusini, mgomo wa kununua kwenye maduka ya wazungu ulioanza Julai 1985 uliwabana wenye maduka hadi wakaenda wenyewe kuzungumza na serikali, wakati silaha na mawe vilikuwa vimeleta majeshi tu mitaani. Lakini miaka hiyo hiyo, katika baadhi ya miji ya Afrika Kusini, vijana waliwasimamisha akina mama waliotoka dukani na kuwalazimisha kunywa mafuta ya kupikia na sabuni walizonunua. Tunasimulia hili katika kila mafunzo, kwa sababu ni mfano wa harakati kuwafungia mlango watu wake wenyewe. Mama aliyenyweshwa sabuni hatarudi, wala binti yake.

Wanaotaka mradi kati yetu wapo. Kule Kwasasi kulikuwa na wenye mashamba waliosubiri fidia kwa miaka, shamba halilimwi wala halilipwi. Kuwaita wasaliti ni upuuzi na ni dhuluma. Madai yao ya kulipwa haki yao yaandikwe kwenye barua zetu pia, na waalikwe kuisoma kabla haijapelekwa. Mgawanyiko mkubwa zaidi huletwa na pesa ndogo: nauli, posho, fulana. Kanuni inayosaidia ni kulipa nauli ya mashua moja kwa moja kwa nahodha mbele ya watu, kubandika hesabu ukutani siku hiyo hiyo, na kutompa mtu pesa za kuhudhuria. Watakuja wachache mwanzoni. Hao watakuwepo mwaka wa tatu.

Tunaulizwa kila mara kuhusu Juni 2024: je, si kuingia Bungeni kulikoua Mswada wa Fedha? Swali zuri, na tunalijibu kwa tarehe. Tarehe 18 Juni, siku ya maandamano ya kwanza makubwa Nairobi, watu wakiwa na simu na chupa za maji, serikali iliondoa ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na ule wa magari. Tarehe 20 maandamano yakaenea kaunti nyingi, pamoja na pwani. Tarehe 25 wabunge walipitisha mswada, umati ukaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, jeshi likaitwa. Tarehe 26 Rais alisema hatatia saini. Hatusemi siku ya 25 haikuwa na athari. Tunasema ushuru wa mkate uliondolewa kabla yake, na kwamba kilichomtisha mbunge ni kuona watoto wa mpiga kura wake wako barabarani mjini kwake, si Nairobi tu. Baada ya hapo walikuja wenye rungu na mijeledi, kama walivyoonekana Nairobi Juni 2025, maduka yakavunjwa, na wazazi wakaanza kuwafungia watoto ndani. Anayekodi wakorofi analijua swali letu vizuri: anataka kupunguza idadi ya watakaokuja.

Kukamatwa kupangwe kama kunavyopangwa chakula. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, kwani simu itachukuliwa. Kila mtu amwachie mtu mmoja wa nyumbani jina la dawa anazotumia na nani atamchukua mtoto shule. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuongea na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeishia wakati mahakama imefungwa. Hayo yamo kwenye Ibara ya 49. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa ina risiti na hurudishwa. Aliyeumizwa aandikishe kwenye OB, daftari la matukio la polisi, achukue namba, apate matibabu na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha siku hiyo hiyo, kabla uvimbe haujashuka. Nje ya kituo wakae watu watano au sita kwa zamu, kimya, wenye chakula. Umati wenye kelele nje ya kituo huwachelewesha walio ndani.

Kisha kuna Malindi, ambako kesi kubwa za Lamu husikilizwa. Kesi ya wavuvi kuhusu bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa 2012 na hukumu ya Mahakama Kuu ikatoka Aprili 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600, na hata baada ya hukumu mvutano uliendelea. Rufaa ya kampuni ya makaa ilitupwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi Oktoba 2025, miaka tisa baada ya leseni kutolewa. Katika muda huo watu hufa, huhama, hugombana, na makatibu hubadilika. Kila hati iwe na nakala tatu: kwa wakili, kwa katibu, na moja nje ya kisiwa. Kila diko, yaani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, liwe na daftari la wavuvi linaloandikwa upya kila mwaka, lenye jina, chombo na mtego anaotumia, maana siku ya fidia ikifika asiye na maandishi huambiwa hakuwa mvuvi.

Safari ya kwenda ni boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara, na kesi ikiahirishwa, kama inavyoahirishwa mara nyingi, mmelala Malindi bure. Msiende wengi kila mara. Pelekeni wawili kutoka kila eneo, kwa zamu, mzee na kijana, mwanamke na mwanamume, nauli na malazi vikiwa vimechangwa mapema. Wanaorudi wapite kwenye mabaraza yao ndani ya wiki ile ile, waeleze jaji alisema nini na tarehe ijayo ni ipi, hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichofanyika. Wasipopita, uvumi utatangulia kwamba kesi imeuzwa, na mtakapoita tena mashua za Pate hazitang'oa nanga.